Kombi la Mama Nyanzala

Liliingia karakana yangu ya Nyakato likisukumwa,
wanafunzi sita nyuma, mikoba mgongoni,
na Mama Nyanzala kwenye usukani, miwani puani,
muuguzi mstaafu wa Sengerema.
Ndani nyumba nzima: kitanda, jiko la mafuta,
sufuria zikigongana, mapazia ya maua
yaliyopauka upande wa jua.

"Taa ya oili," akasema. "Nyekundu. Nimezima injini palepale."

Mimi Luhende, miaka ishirini na sita ya grisi kwenye kucha,
nililisikiliza gari lile
kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu.
"Pampu imekufa, mama.
Gari limenizidi umri, ulitegemea nini?"

Nilichomoa kijiti: oili imejaa, rangi ya asali.
Kipimo cha presha kingeniambia ukweli kwa dakika tano,
lakini kipimo nilimwazima Shija wa Igoma
na nauli ya kukifuata niliiona hasara.

Tukashusha injini.
Pampu ikaagizwa Nairobi, ije na basi la usiku.
Siku nne mama alilala humo humo,
ndani ya gari lisilo na moyo,
alfajiri akipika uji wa ulezi,
akinigawia mimi na kijana wangu Malimi,
na mimi niliunywa.

Pampu ya zamani nilipoitoa
meno yake yalikuwa mazima, hayana hata mkwaruzo.
Nikaizungushia gazeti upesi,
Malimi akaniona, akageukia spana zake.

Mpya ikafungwa. Injini ikapanda. Nikawasha.
Taa ikawaka.
Nyekundu ileile, bila haya,
na malori ya barabara ya Musoma yakapita yakipiga honi
kana kwamba yameambiwa.

"Wodini," akasema mama, hajapandisha sauti,
"hatukuanza na kisu.
Tulianza na swali: ilianza lini?"
Nikameza mate. "Ilianza lini?"
"Jumanne. Asubuhi nilikaza kitanda,
kilikuwa kinalia nikijigeuza.
Mchana taa ikawaka."

Nikatambaa chini ya sakafu na tochi mdomoni.
Skrubu moja, ndefu kuliko kidole cha mwisho,
imetoboa bati, imeuchoma waya.
Maana kwenye kombi injini iko nyuma, taa iko mbele,
na habari yote ya moyo
hupita chini ya mtu aliyelala.
Nikailegeza mizunguko mitatu.
Malimi akapiga kelele kule mbele: "Imezimika!"

Nililipasua gari
wakati lililochoma ni nyumba,
na nyumbani sikupiga hodi.

Ufundi sikumdai. Pampu hairudi Nairobi,
alilipa nusu, akaandika kwenye daftari lake la mistari,
tarehe, kiasi, na mbele ya jina langu
neno ambalo hakuniruhusu nilisome.

Ile ya zamani ipo juu ya rafu, bado kwenye gazeti.
Kipimo bado kiko kwa Shija.

Juzi akanitumia ujumbe kutoka Lamadi,
ameegesha hatua chache kutoka majini,
mlango wa ubavuni wazi, ziwa linaingia hadi kwenye mto:
"Kitanda kimeanza kulia tena, fundi.
Nimekiacha kilie."