Vituo Vinne kwa Miguu

Daktari Kalinowska hakunigombeza.
Aligeuza kompyuta nione tarakimu, akasema:
Bi Wiesława, magoti yako yanabeba abiria
ambaye hajakata tiketi.
Nikacheka. Miaka ishirini na sita naendesha tramu hapa Łódź,
nawajua wapandao bila kulipa.
Huyu alipanda polepole, kipande kwa kipande,
na mlango nilimfungulia mwenyewe.

Mwanzoni nilijifanya jabali.
Supu ya kabichi asubuhi, supu ya kabichi jioni,
katikati chai kavu na hasira.
Siku ya tisa, karibu na soko,
taa nyekundu zikawa mbili mbili,
mkono ukatetemeka juu ya wenzo.
Nikasimamisha behewa, watu sitini ndani.
Bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya
akanipenyezea peremende bila kuuliza kitu.
Ilikuwa tamu hadi machozi yakanitoka.

Njaa si dawa.
Mama yangu Genowefa angeniambia hilo bure,
yeye aliyelamba sahani hadi maua yake yakafifia,
aliyeficha mkate chini ya mto mpaka alipokufa.
Maliza, mwanangu, alisema, hujui ya kesho.
Ndiyo, Mama. Lakini kesho ilikuja,
ikaja tena, ikaja na krimu juu yake,
nami nikaendelea kumaliza
sahani yangu, na ile njaa yako.

Sasa nina daftari,
na mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga.
Pierogi, sambusa zetu za kuchemsha, tumbo lao viazi na jibini:
zamani kumi na nne, zikiogelea kwenye siagi.
Sasa sita, kitunguu cha kukaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta,
na kilima cha kabichi chachu pembeni.
Naandika: sita.
Jumapili kwa dada yangu Danuta niliandika:
keki ya mbegu za mpopi, vipande vitatu.
Kalamu haikugoma. Dari haikuanguka.

Na kutembea.
Nashuka vituo vinne kabla ya nyumbani.
Kwa tramu ni dakika saba za kutazama reli.
Kwa miguu ni duka la vifungo,
mbwa wa fundi saa, mwenye sikio moja,
na mwinuko ambao miaka yote hiyo
sikujua kuwa ni mwinuko:
umeme uliupanda kwa niaba yangu.
Zbyszek akinipita anagonga kengele,
anafungua kidirisha: Panda wewe!
Nampungia. Sipandi.
Januari theluji ilipofika vifundoni, nilipanda, siku mbili.
Niliandika hilo pia.

Hesabu yenyewe si ya kujivunia.
Vituo vinne vinalipa pierogi mbili, si zaidi.
Ndiyo maana miguu peke yake haitoshi,
na kijiko peke yake nacho hakitoshi,
nilishaona kule sokoni.
Mizani ya bafuni haina huruma wala chuki.
Wiki mbili ilikwama palepale
kama behewa lililokatiwa umeme,
nikaitukana kwa Kipolandi safi,
nikalala, nikaamka, nikala mayai, nikatembea.

Pasaka inakaribia. Kilo tano na kitu.
Daktari alitaka kumi; tutaonana kiangazi.
Magoti hayajanyamaza, ila sasa yananong'ona.
Mkanda wa sare nimeutoboa tundu jipya kwa msumari,
limekaa upande, kama jino la mtoto.

Jana usiku nilibakiza kipande cha mkate.
Kidogo, upana wa vidole viwili.
Nilikitazama mpaka chai ikapoa.
Sikukila. Sikukificha.
Nilikifunika kwa kitambaa, mezani, waziwazi,
nikazima taa, nikamwambia Mama:
kesho ipo.