Alhamdulillahi ni Namba Ngapi?

Swali la saba lilisema:
Umeridhika na mradi kwa kiasi gani?
Moja hadi tano. Zungushia.

Nilikuwa Ibra, soko la wanawake, Jumatano,
jua halijafika bado kwenye vibanda vya ubani,
madodoso arobaini mkobani.
Shinuna bint Khalfan akanimiminia kahawa,
akanisogezea halua,
akasema, "Alhamdulillahi."

Alhamdulillahi ni namba ngapi?
Maelekezo kutoka Rotterdam hayakusema.
Nikazungushia tano.

Ghaniya: alhamdulillahi. Tano.
Zayana, mumewe kalazwa Nizwa mwezi wa pili:
alhamdulillahi kwa kila hali.
Ile "kila hali" ilikuwa na uzito
ambao mizani yangu haikuwa na jiwe lake.
Tano.

Maskati, Al-Khuweir, ghorofa ya sita,
kiyoyozi kinavuma, projekta inawaka.
Wastani: nne nukta nane.
Chati ya duara, rangi saba, na kivuli chini yake,
kama keki ya harusi ya watu tusiowajua.
Bwana Hendrik akapiga makofi.
Sreeja wa takwimu, aliyeingiza kila jibu kwa mkono,
hakupiga. Akaninong'oneza:
"Wanawake arobaini, hakuna hata mmoja aliyeudhika?
Mama yangu kule Kerala, mimi mwanawe,
hajawahi kunipa tano."

Hapo nikaikumbuka cherehani.
Nilikuwa nimeiona, nilipoingia kwa Shinuna kuswali adhuhuri:
mashine ya mradi, namba ya mradi ubavuni,
imefunikwa kitambaa cha kudarizi,
na juu yake chombo cha mawaridi ya plastiki.
Nani huweka maua juu ya mashine inayoshona?
Niliyaona. Nikayasifu, hata.

Jumatano iliyofuata namba nikaziacha garini.
"Mara ya mwisho ulishona nini?"
"Dishdasha ya mjukuu. Shaabani."
Na sisi tulikuwa Mfunguo Tatu.
"Kuna kidude ndani kimevunjika. Kinauzwa Dubai.
Nani ataniendea Dubai kwa kidude?"

Nikauliza vibanda vyote, nikachora karatasi moja.
Hakuna rangi. Hakuna kivuli.
Viduara arobaini, kila mwanamke na chake:
cheusi, mashine inashona;
kitupu, mashine imenyamaza.
Wakasogeza sinia pembeni, wakainama.
"Hii naisoma bila miwani," alisema Ghaniya,
akahesabu kwa ukucha wenye hina: vitupu kumi na saba.
Kimya kidogo. Kisha mtu akasema, "Kumi na saba!"
kwa sauti ambayo nne nukta nane haikuwahi kumtoa mtu.

Shinuna akaweka kidole. "Huyu mimi."
"Siruhusiwi kusema, mama. Majina ni siri."
Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.
Siri, katika soko linalojua cherehani ya nani imekufa
na siku gani na ilikuwa inashona nini!

"Basi, hata usiposema. Lakini mimi si mtupu.
Zayana akienda hospitali usiku
ananiachia ufunguo, nashona kwa yake.
Nipake nusu."

Ufunguo wa chati yangu haukuwa na nusu.
Nikaanza kueleza kwamba safu ni mbili tu,
kwamba programu ya Sreeja haitakubali.
Akaichukua kalamu mkononi mwangu
akajipaka mwenyewe, nusu, taratibu,
hakutoka nje ya mstari.

Nikamuuliza tena swali la saba. Sijui kwa nini.
Labda kwa sababu ya ile tano.
"Alhamdulillahi," akasema.
Safari hii sikuinua kalamu.
Nikanywa. Kikombe sikukitikisa, akamimina tena;
sikukitikisa, akamimina cha tatu,
akalikunja kunjo la shela yake, akalikunjua.

"Lakin..."

Neno la bibi yangu hilo hilo, limepungua irabu moja.
Nikaligeuza dodoso
upande wa nyuma, usio na visanduku.