Njia Iliyoiacha Treni

Andika hivi, karani:
jina, Ngowa wa Chengo, mgonga reli.
Miaka kumi na tisa nimetembea na nyundo,
kilomita sita, kutoka mashamba ya chumvi hadi ghalani,
nikigonga kila kiungio kama daktari agongavyo kifua.
Chuma kizima huitika: ngeee.
Chuma kigonjwa hukohoa: ko.
Hilo halifunzwi chuoni. Husikika.

Hapa Malindi feni yenu inazunguka, karatasi zinapepea,
na kwenye ripoti mmeshaandika: treni iliacha njia.
Mabehewa kumi na moja, chumvi mbichi,
Jumanne, saa nane mchana.
Iliacha njia, kana kwamba ni kijana
aliyetoroka madrasa akaenda kucheza kamari.

Karani, treni haina usukani.
Inakwenda inakopelekwa,
imeishika reli kwa ukingo wa gurudumu
usiozidi unene wa kidole gumba changu.
Usalama wote ni huo: kidole gumba cha chuma.

Chumvi tuliyoibeba ndiyo iliyotula.
Ilidondoka behewani punje kwa punje,
ikalala juu ya misumari, ikanywa umande,
hata msumari ukakonda kama njiti ya kiberiti.
(Chuma na chumvi: majina yamekaribiana mno,
hayakosi kulana.)
Mataruma yalioza upande wa chini,
upande ambao mkaguzi kutoka Mombasa
hakuinama kuutazama, suruali yake ilikuwa nyeupe.
Mwaka wa mafuriko maji yalichukua kokoto,
tukashindilia mchanga, na mchanga hauna ahadi.
Halafu lile jua la Machi. Reli hurefuka kwa joto;
ikikosa pa kurefukia hujipinda ubavu
kama nyoka aliyekanyagwa.
Na juu ya yote hayo, behewa la tani nane
likapakiwa kumi na mbili,
kwa sababu malori yalikuwa yanapiga honi langoni.

Niliandika. Daftari hili hapa, lina madoa ya chai:
"Kiungio cha mia mbili na nne, bolti mbili hazipo."
Wiki ya pili: "bolti tatu."
Nikampelekea meneja. Akacheka:
"Mzee Ngowa, unaongeza chumvi."
Ofisi nzima ikacheka, maana mahali pale
huo ndio utani wa kwanza mtu kujifunza.

Sasa amebandika tangazo ukutani: Ajali haina kinga.
Inayo. Inauzwa papa hapa Malindi,
duka la vyuma nyuma ya soko,
shilingi mia na themanini, pamoja na nati yake.

Tsofa, dereva, mguu wake ulibaki chini ya behewa la tatu.
Mkewe Mbodze alikuja mbio na kanga ya kumfunga,
akauliza kiatu cha pili kiko wapi,
kwa kuwa vilikuwa vipya.
Nanyi mnataka kuandika: mwendo wa kasi, kosa la dereva.
Treni ile watoto wa Gongoni waliipita kwa baiskeli.

Subiri. Usifunike kalamu.
Kuna jambo halimo daftarini.
Jumatatu jioni nilikigonga kiungio kile. Kikasema ko.
Nilikuwa nimeshika penseli.
Nikawaza watakavyocheka,
nikairudisha penseli sikioni, nikaenda zangu.
Usiku ule nililala vizuri.
Hilo ndilo linalonisumbua.

Liandike na hilo, karani, usilipunguze chumvi.
Kisha pale juu, penye kichwa cha ripoti, futa.
Njia ndiyo iliyoiacha treni,
bolti baada ya bolti,
nami nimesimama juu yake
na nyundo mkononi.