Ukurasa Ulioliwa na Mchwa

Nilikipata Wete, kwenye kasha la marehemu Maalim Faki,
chini ya daftari za mahudhurio:
kitabu cha kerengende
aliyeazima mbawa za kipepeo kwendea harusini.

Kurasa ishirini na mbili.
Wa ishirini na tatu, mchwa wameula.

Kumbe ndiye yule!
Yule wa Bi Time, ila kwake alikuwa panzi,
na mbawa alizirudisha zina doa la mchuzi.
Yule wa redioni, Ijumaa baada ya habari,
sauti kama ya mtu aliyebanwa pua.
Yule wa skuli ya Konde:
dada yangu Raya, mbawa za chandarua,
alijikwaa jukwaani, akasema, “Basi, nishafika,”
watu wakapiga makofi
wakidhani ndivyo ilivyoandikwa.

Nimeuliza mwisho wa kweli.
Mjomba Khatoro, mguu juu ya cherehani, anaapa alikufa.
“Mbele ya watoto?” anafoka Bi Time.
Raya anacheka tu,
anaonyesha kovu la goti.

Usiku nimetega sikio ukutani.
Kru. Kru.
Mchwa nao wanao wao.
Hawajamsimulia mtu.