Kufa, Kufaa

Jumapili, Tartu, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Ndani ya basi yumo dereva na Virve tu.
Maabara imefungwa, lakini seli hazijui Jumapili:
zisipolishwa leo, kesho utazikuta
zimesongwa na uchafu wake,
na maji yake ya waridi yamegeuka manjano.

Anavua koti. Ananawa. Anavaa glavu.
Anafungua kabati lenye joto la mwili wa mtu,
thelathini na saba, usiku na mchana,
joto pekee katika jengo hili
ambalo mhasibu hathubutu kulizima.

Kwenye chupa imeandikwa T-40.
Ndivyo sheria inavyotaka: namba, si jina.
Ila mwezi Machi karani wa hospitali alisahau,
kichupa cha kwanza kikaja na jina zima,
Helju Raudsik,
na ukucha wa Virve ndio uliolikwangua.

Helju wa duka la ushonaji nyuma ya soko.
Helju aliyepunguza mikono ya koti hili,
akakataa pesa ya uzi.

Dawa ya kwanza iliubana uvimbe miezi mitatu,
ikamwachia ganzi vidoleni.
Akawa anashona kwa macho:
sindano ikizama nyamani hana habari
mpaka aone doa jekundu
kwenye shela ya bibi harusi.
Alizikwa Oktoba, ardhi ikiwa bado inachimbika.

Na hizi hapa zinagawanyika.
Mbili, nne, nane. Hazijapata taarifa ya msiba.

Visima tisini na sita, kila kimoja na tone lake.
Dawa mpya haina jina bado;
ina namba, kama marehemu.
Virve anaweka jicho kwenye darubini.
Safu ya kwanza: zimejaa, zimebanana, zinang'aa.
Ya pili vilevile. Ya tano,
anasogeza sahani, anarudi, anahesabu upya,
ya tano zimejikunja, zimeachia sakafu,
zinaelea kama makombo ndani ya chai.

Hapigi kelele. Angempigia nani?
Anaandika tarehe, anaandika kipimo,
na mwandiko wake leo ni mzuri kuliko siku zote.

Kosa lenyewe lilikuwa herufi moja
kati ya herufi bilioni tatu.
Moja. Nasi tunaosema lugha hii tunajua:
toka kufa hadi kufaa
ni a tu,
sauti ambayo hata mtoto mchanga anaiweza.

Kesho saa nne Kaidi, bintiye Helju,
atapanda ghorofa ya pili kupokea jibu la damu yake:
herufi ya mama imo, au haimo.
Bahasha iko kwenye droo
ambayo Virve hana ruhusa ya kuifungua.
Pengine watapishana kwenye ngazi. Atamsalimu.
Hatamwambia:
mama yako jana alikuwa na njaa,
nikamlisha.

Anazima taa. Anavaa koti.
Mikono inamtosha sawasawa.