Gramu Mia

Nimeshuka basi la alfajiri, kaskazini ya Panevėžys,
theluji mpaka magotini, penseli tatu mfukoni,
na karatasi pana niliyoikunja kama shuka la mgonjwa.
Ushirika wa maziwa unataka kompyuta.
Subirini kwanza, nikawaambia. Nataka kuona
habari inatoka wapi, inapita kwa nani, inalala wapi.

Mraba ni mtu wa nje: mkulima na debe lake.
Duara ni kazi: pima, onja, andika, lipa.
Mistari miwili sambamba ni malalo ya habari:
leja, kabati, kichwa cha mhasibu angali hai.
Na mshale ni habari yenyewe ikiwa safarini,
sharti iwe na jina, na jina lisiwe kitenzi.
Maziwa siyachori. Nachora uzani wake,
tarehe yake, asilimia ya mafuta.

Mwalimu wetu kule Kaunas alituonya aibu mbili:
duara linalomeza lisiteme kitu, hilo ni shimo;
duara linalotema bila kumeza, huo ni muujiza.
"Mkiona muujiza," alisema, "msipige magoti.
Rudini mkaulize."

Siku ya tatu nikauona.
Duara namba nne, Lipa Wakulima.
Mshale unatoka: euro themanini na mbili,
kwa Bronius Gaidys, kila mwezi tangu Oktoba.
Mshale wa kuingia hakuna.
Ng'ombe wa Bronius walichinjwa Septemba,
wote kumi na mmoja, kwa amri ya daktari wa mifugo.
Bronius haleti debe. Analeta sahihi tu.

Nikamwendea Danguolė wa mizani,
sweta mbili, vidole vyekundu,
redio ikinong'ona habari za barafu.
Nikauliza: hapa kinaingia nini?
Akanitazama kama anayekagua debe lililotiwa maji.
Kisha akavuta droo ya chini, akafukua kamba na mishumaa,
akatoa daftari la shule lenye picha ya sungura.

"Kila debe nalipunguza gramu mia.
Wote wanajua. Wanaangalia sindano, kisha wanaangalia dirisha.
Za huyu, za yule, mwisho wa mwezi
ni ng'ombe mzima asiye na zizi.
Anakamuliwa na aliyefiwa.
Kabla ya Bronius alikuwa Stasė. Kabla ya Stasė, mimi."
Na mhasibu?
"Mhasibu hulipa. Kuuliza, umeuliza wewe."

Usiku, juu ya duka la mikate, nikaikunjua karatasi.
Mizani mpya itasoma hadi gramu moja.
Mizani mpya haitazami dirisha.
Nisipolichora daftari, litauawa na usahihi.
Nikilichora, ataliona meneja, ataliona mkaguzi wa Vilnius,
na kitu kilichoishi droooni miaka ishirini
kitadaiwa stakabadhi.

Nikachora. Mistari miwili, penseli ngumu, hafifu.
Mshale kutoka Pima, mshale kwenda Lipa.
Muujiza ukakoma pale pale.
Sijui kwa nini nilihuzunika.

Kikaoni, Vaidotas meneja akapitisha kidole
mraba hadi duara, duara hadi leja,
kikafika pale, kikasimama.
"Mshale huu hauna jina."
Najua. Nimekesha nikilitafuta.
Sadaka, si kweli. Wizi, si kweli. Kodi, Mungu apishe mbali.
Akanyamaza kwa muda wa kupoza chai.
(Baba yake, nilikuja kuambiwa, aliwahi kuandikwa mle.)
Akaomba penseli yangu, akaandika kwa herufi za mtoto:
salio la mizani.

Mlangoni, Danguolė na sinia la vikombe,
akanyoosha shingo, akasoma.
"Andika na mia," akasema.
"Mashine msipoiambia, itapunguza isivyo haki."