Moto Ulisoma Baada Yetu

Majira yale ya baridi umeme uliondoka Kutaisi
bila kuaga, kama mpangaji mwenye madeni.
Lifti ilikwama ghorofa ya tatu
na ndani yake gunia la viazi la Guram,
tukalinusa mwezi mzima.

Kuni zikaisha. Tukachoma kabati, tukachoma miguu ya meza,
kisha baba akaanza kuitazama rafu ya vitabu
jinsi mwenye njaa atazamavyo kuku wa jirani.
Mama akasema: Sawa. Lakini hakuna karatasi
itakayoingia kwenye jiko hili kabla haijasomwa.

Tulianza na majedwali ya hesabu.
Baba alisoma namba kwa sauti, haraka haraka, anatetemeka.

Ndipo ikaja riwaya ile nene, jalada limenyofoka,
jina la mwandishi limeliwa na panya:
ngozi ya kondoo wa dhahabu chini ya kanisa, funguo saba,
mtawa aliyeng'ata ulimi wake ukakatika, asije akataja.
Miaka mia nane baadaye, msichana wa nyaraka
anaona herufi moja imeandikwa kinyume.

Herufi moja tu!
Jengo zima lilihamia kwetu kwa ajili yake.
Bibi Tsiala alikuja na kiti chake, Guram na mshumaa,
mapacha wa ghorofa ya nane na blanketi na mafua yao.

Mama alisoma ukurasa, akauchana, akaupa moto.
Moto ulisoma baada yetu, kwa pupa, kutoka pembeni,
wala haukurudisha kitu.
Nani alimpa askofu ufunguo wa nne?
"Yule kiwete!"
"Kiwete alikufa ukurasa wa tisini!"
"Hakufa," alisema Bibi Tsiala, "alizikwa tu."
Ushahidi ulikuwa majivu; asubuhi tuliumwaga ngazini
watu wasiteleze kwenye barafu.
Basi tukagawana kukumbuka: Guram akapewa tarehe,
mapacha majina ya watawa,
mimi, wa miaka tisa, nikakabidhiwa funguo.
Hata leo niamshe usiku wa manane nitakutajia:
wa shaba, wa pembe, wa mfupa, wa nta...

Usiku mmoja wa Februari ulibaki ukurasa mmoja.
Mama aliusoma kimya. Hata midomo haikucheza.
Akaukunja mara nne, akautia jikoni, akasema:
"Mlango ukafunguka. Kesho tuendelee."

Kesho yake alikaa, mikono mitupu mapajani,
akasoma.
Hakuna aliyeuliza karatasi iko wapi.
Tulichoma viatu vya marehemu babu, tukamfuata
ndani ya mahandaki, hadi kwenye ufunguo wa nane,
mpaka Machi balbu ilipowaka ghafla juu ya vichwa vyetu.
Tukaonana nyuso. Tukaona haya.
Kila mtu akabeba kiti chake.

Juzi, darajani, kwa muuza vitabu vikuukuu,
niliikuta nakala nzima. Nikafungua mwisho.
Ngozi ilikuwa ngozi tu, imeoza. Askofu anacheka.
Msichana anarudi kazini Jumatatu.

Nimeinunua. Nimeifunga gazetini, iko chini ya kitanda.

Guram ana miaka themanini na mmoja,
na kila Jumapili hupanda kilimani na koleo.
Jana alinisimamisha: ule wa nane, mlinzi wa funguo,
ulikuwa wa nini vile?
Mama hakuwahi kusema.
"Wa chumvi," nikamjibu.
Akatoa penseli, akaandika.